Kutawala Samaki wa Baharini

Sisi wa pwani ya Mtwara tunaisikia Mwanzo 1:26 kwa masikio ya watu wa bahari, kwa kuwa viumbe wa kwanza kutajwa chini ya utawala wa mwanadamu ni samaki. Kwa hiyo neno "kutawala" linatupasa tulipime vizuri. Wapo wanaolichukua kuwa ruhusa: samaki ni wetu, tuwavue tutakavyo.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika hapo "dominion", neno lenye asili ya Kilatini, lugha ambayo kwayo humtaja bwana mwenye mali. Baadaye Waingereza waliziita hivyo nchi zilizojitawala chini ya taji lao, kama Kanada mwaka 1867. Hata Tanganyika, tangu Desemba 9, 1961 hadi Desemba 9, 1962, ilikuwa huru huku Malkia wa Uingereza akiwa bado mkuu wa nchi. Msomaji wa Kiingereza, basi, husikia taji na umiliki ndani ya neno hilo.

Hata hivyo Kiingereza kilihifadhi jambo moja tulilolipoteza sisi. Neno la Kiebrania lililo katika Mwanzo, radah, limo pia katika Zaburi 72:8, na Biblia ile ya 1611 iliandika "dominion" mahali pote pawili. Tafsiri yetu ya Muungano ya mwaka 1952 ina "kutawala" katika Mwanzo, na "enzi" katika Zaburi. Maneno yote mawili ni sahihi, lakini msomaji wetu hawezi kutambua kwamba aya hizo ni ndugu. Hasara ni kubwa, kwa maana Zaburi hiyo, aya ya 12 hadi ya 14, inaeleza mtawala ni nani: ni yule anayemwokoa maskini asiye na msaidizi.

Wengine husema radah ni "kutunza" tu. Hatukubaliani nao. Ni neno lenye nguvu. Walawi 25:43 inalitumia inapokataza kumtawala kwa ukali ndugu aliyejiuza kwa umaskini, na Ezekieli 34:4 inapowakemea wachungaji. Kama lingekuwa kutunza tu, onyo lisingehitajika. Nguvu tumepewa kweli. Swali ni nani anayeumia tunapoitumia.

Tangu mwaka 2000 tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba zipatazo 650, na vijiji vimo ndani yake. Baruti huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, na kuvunja matumbawe wanamozaliana. Anayelala njaa kwanza ni mvuvi wa dema na mshipi, na mama anayetafuta pweza miambani maji yakikupwa. Huo si utawala wa Zaburi 72. Lakini mlinzi wa bahari naye anapimwa kwa kipimo hicho hicho: ikiwa sheria inamkamata mwenye mtumbwi na kumwacha anayemuuzia baruti, huo nao ni ukali uliokatazwa.

Basi tunapofundisha darasa la kipaimara, tuzisome Mwanzo 1 na Zaburi 72 siku moja. Vijana wetu wanaokwenda baharini wajue kwamba Mungu aliyewapa samaki amewapa na jirani.