Mashine Haina Siasa? Ukosoaji wa Fikra Iliyozoeleka

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Chanika, mjini Handeni, na kwenye stendi ya mabasi ya Korogwe, husikika maneno matatu. La kwanza, siasa haishibishi. La pili, biashara ni mapatano ya watu wawili, hivyo Chama kisiingilie. La tatu, mashine ni mashine, haina siasa.

Wanaosema hivyo si maadui wa umma. Ni wakulima na wafanyakazi wenye akili zao, ambao wamesikia hotuba nyingi na kuona matunda machache. Kwa hiyo fikra hizi zijibiwe kwa hoja, si kwa kukemewa.

Kosa la fikra zote tatu ni moja: zinatenganisha siasa na jasho. Siasa maana yake ni kuuliza nani anamiliki, nani anaamua na nani anafaidi. Tuliulize swali hilo katika mahindi ya Handeni na mkonge wa Korogwe.

Mahindi yaliyokauka vizuri yanaweza kungoja kihengeni. Lakini deni, ugonjwa na mahitaji ya shule havingoji. Basi mkulima huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na miezi michache baadaye hununua unga kwa bei ya juu. Mara nyingi gunia lenyewe huwa lumbesa, ingawa sheria ya vipimo inaikataza. Je, haya ni mapatano? Mmoja ana lori, fedha na muda. Mwingine ana shida. Mapatano ya mwenye nafasi ya kungoja na asiyeweza kungoja ni amri iliyovikwa joho la hiari. Siku hizi mkulima ana simu inayomwambia bei ya Dar es Salaam. Ni jambo jema, lakini kuijua bei si kuipata. Simu haihifadhi gunia wala haipimi uzito. Ghala na mizani ya wakulima wenyewe ndivyo vinavyompa mkulima uwezo wa kusema, "Kwa bei hiyo siuzi."

Katika mkonge jambo hili ni wazi zaidi. Zao hili lililetwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo yalikua mashamba makubwa yaliyojengwa kwa jasho la manamba. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000 za singa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba hayo. Kamba za nailoni ziliangusha bei duniani, nasi kwa upande wetu tuliacha mashamba yazeeke na mitambo ichakae. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Kisha ukaja ubinafsishaji, na baada yake wakulima wadogo wakaanza kupewa vipande vya kulima mkonge katika mashamba kama Hale, Ngombezi na Magoma.

Hapo ndipo fikra ya tatu inapoanguka. Jani la mkonge likishakatwa halingoji. Lisipopita kwenye korona mapema hukauka, na singa haitoki vizuri. Kwa hiyo mwenye jani asiye na korona ni mmiliki wa nusu. Foleni, makato na saa za kusaga vyote huamuliwa na mwenye mtambo. Tena singa ni sehemu ndogo sana ya uzito wa jani. Kinachobaki ni maji na makapi. Zamani makapi yalitupwa. Mwaka 2007, huko Hale, ulijengwa mtambo wa kuyageuza kuwa gesi ya kuzalisha umeme. Sayansi imeonyesha kuwa takataka ni mali. Lakini mkulima akilipwa singa peke yake, mali hiyo mpya ni ya nani? Mashine haiwezi kulijibu swali hilo. Hilo ni swali la siasa.

Hapa lazima tujikosoe. Watu wa Handeni walihamasishwa, na wengine wakaamriwa, kuhamia vijijini. Viongozi wakahesabu vijiji badala ya kuhesabu visima. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kuwaonya viongozi dhidi ya majivuno na kutaka watu washirikishwe katika kuamua mambo yao. Pale ambapo onyo hilo halikusikilizwa, mwananchi alijifunza kuwa siasa ni amri itokayo juu. Kauli kwamba siasa haishibishi ilizaliwa na makosa hayo, si uvivu wa wananchi. Na kuchukua mashamba bila kuwapa wafanyakazi sauti katika uendeshaji kulibadili jina la mwajiri, hakukubadili uhusiano wa kazi.

Basi kada anayekwenda Handeni au Korogwe asianze na hotuba. Aanze na maswali: mizani ni ya nani, funguo za ghala anazo nani, korona ni ya nani, na hesabu za ushirika husomwa mbele ya nani? Ushirika ambao wanachama wake hawasomewi hesabu ni mrija mwingine wa unyonyaji, hata ukiitwa wa wakulima. Siku mkulima atakapolijibu kila swali kwa neno "sisi", hatahitaji kuambiwa kuwa siasa inashibisha.