Mstari mmoja wa while

Fungua msimbo wowote wa PHP unaosoma hifadhidata, uwe wa miaka ishirini iliyopita au wa jana, na hutakosa kukutana na mstari wa namna hii:

while ($m = $matokeo->fetch_assoc()) {

Zamani uliandikwa kwa fanksheni za familia ya mysql_, zilizoondolewa kabisa PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015. Waandishi wakahamia mysqli na PDO, lakini umbo la kitanzi likabaki lilelile. Ni mstari mfupi, na ufupi huo unaficha mambo mawili: data ziko wapi wakati kitanzi kinazunguka, na kitanzi kinajuaje kwamba zimekwisha.

Tuanze na hilo la pili. Alama ya = iliyo ndani ya mabano hailinganishi chochote; inaweka. Kila mzunguko, fetch_assoc inatoa rekodi moja ikiwa arei, arei inaingia kwenye $m, kisha while inaipima kama ni kweli au uongo. Arei yenye kitu ndani ni kweli. Rekodi zikiisha, mysqli inarudisha null, PDO inarudisha false, na kitanzi kinasimama. Ukisoma rekodi nzima, ujanja huu hauna shida: hata salio likiwa sufuri, jina la safu bado limo, kwa hiyo arei haiwi tupu.

Shida huanza mtu anapotaka safu moja tu. Tuseme SACCOS ina jedwali la wanachama, na unatafuta jumla ya akiba zao:

while ($akiba = $st->fetchColumn()) {
    $jumla += $akiba;
}

Unasomeka vizuri kabisa. Lakini safu hiyo ikiwa ya INT, mwanachama wa kwanza asiye na akiba analeta 0, na kwa PHP 0 ni uongo, iwe namba au iwe herufi "0". Kitanzi kinakatika palepale. Hutaona ujumbe wa kosa wala ukurasa mweupe. Utaona jumla iliyopungua, ambayo mhasibu ataiamini mpaka vitabu vikaguliwe. La kuchanganya zaidi ni kwamba safu ikiwa DECIMAL(10,2), sufuri hiyohiyo inafika ikiwa "0.00", na hiyo PHP inaihesabu kuwa kweli. Msimbo uleule, herufi kwa herufi, unatoa jibu sahihi kwenye jedwali moja na jibu la uongo kwenye jingine, na aliyeujaribu kwenye la kwanza ataapa kwamba ni mzima. NULL nayo inakikata kitanzi, safu iwe ya aina yoyote.

Dawa ni kuandika !== false waziwazi ndani ya mabano, au kutumia foreach, ambayo haipimi thamani hata kidogo. Kwa mysqli inakubalika tangu PHP 5.4, na kwa kazi za kawaida sioni sababu ya kuiacha. Kujumlisha kwenyewe, bila shaka, ni kazi ya SUM, iachie SQL.

Sasa, data ziko wapi? Wengi huamini kila fetch ni safari ya kwenda MySQL na kurudi. Kwa mpangilio wa kawaida safari hiyo haipo: ulizo likishatekelezwa, mysqli na PDO hupokea matokeo yote kwa mkupuo na kuyarundika kwenye kumbukumbu upande wa PHP, kabla kitanzi hakijaanza. Lori limeshashusha magunia yote uani. Kuyaingiza stoo mojamoja hakuupunguzii ua msongamano. Ndiyo maana ripoti ya rekodi laki kadhaa huweza kuanguka kwa ujumbe "Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted", yaani kikomo cha 128M, na mwandishi akahangaika kufuta vigeu ndani ya kitanzi, ilhali mstari unaotajwa na ujumbe ni ule wa ulizo.

Ipo njia nyingine: kutumia MYSQLI_USE_RESULT, au kwa PDO kuzima MYSQL_ATTR_USE_BUFFERED_QUERY. Hapo rekodi huja kadiri unavyozisoma. Nayo ina gharama. Idadi ya rekodi huijui mpaka ufike mwisho, na muunganisho huo haupokei ulizo jingine kabla hujamaliza au kuyafunga matokeo. Kwa kutoa faili la CSV la miamala ya mwaka mzima inafaa sana. Kwa ukurasa wa rekodi 20, usijisumbue.

Safari za kweli za kwenda kwenye hifadhidata anazileta mwandishi mwenyewe, anapoweka ulizo ndani ya kitanzi. Wanachama 200, na kwa kila mmoja ulizo la mikopo yake: maulizo 201 kwa ukurasa mmoja. Kila moja likichukua milisekunde 2, zaidi ya 400 zimekwenda kabla ya kazi nyingine yoyote. Kwenye kompyuta ya mwandishi, yenye wanachama watano wa majaribio, hakuna anayeliona hilo. Ulizo moja la LEFT JOIN linatosha. Liwe LEFT, maana JOIN ya kawaida itamwacha nje asiye na mkopo, na lipangwe kwa ORDER BY kufuata namba ya mwanachama. Kitanzi kinaishika namba iliyopita kwenye kigeu. Ikibadilika, kinachapa jumla ya aliyepita na kuanza hesabu upya. Mbinu hii ni ya tangu enzi za COBOL, na tatizo lake halijabadilika: mwanachama wa mwisho hana wa kumfuata, kwa hiyo namba haibadiliki tena na jumla yake haichapwi. Inabidi ichapwe nje, baada ya mabano ya kufunga kitanzi, na pale tu palipopatikana rekodi hata moja.