Penny hakupotea

Kuna wimbo mmoja ambao wiki hii nimeurudia hadi jirani akagonga ukuta. Hauna ngoma, hauna tarumbeta. Ni gitaa, msichana anayeongoza na wavulana wanaomwitikia nyuma, basi. Unaitwa "You and Me", wa Penny & the Quarters, na haukukusudiwa utufikie mimi na wewe. Ulikuwa wimbo wa majaribio tu, uliorekodiwa Columbus, Ohio, miaka ya 1970 ikianza.

Lebo ndogo ya Prix ilikufa bila kuutoa. Kanda ikabaki kwenye boksi hadi vitu vya nyumba moja vilipouzwa, ikaishia mikononi mwa Numero Group, kampuni ya Chicago iliyoanzishwa 2003 kwa kazi hii hasa ya kufukua muziki uliofukiwa. Wakautia kwenye mkusanyiko wao wa nyimbo za Prix mwaka wa 2007, bila kujua Penny ni nani. Mwaka wa 2010 ukasikika kwenye filamu ya Blue Valentine. Ghafla watu wakaanza kuuliza: huyu Penny yuko wapi? Mwaka uliofuata akajulikana. Wala hakuwa amefichwa mahali. Alikuwa mama mtu mzima aliyeendelea na maisha yake.

Hapo ndipo neno "kusahauliwa" linaponikwaza. Kusahauliwa na nani? Yeye mwenyewe hakusahau kwamba aliwahi kuimba. Ndugu zake waliomwitikia hawakusahau. Waliosahau ni wale ambao hawakuwahi kujua, na hao ndio sisi.

Nisieleweke vibaya, kazi ya Numero naipenda. Rekodi yao ya kwanza kabisa, ya mwaka wa 2004, ilikuwa mkusanyiko wa lebo nyingine ya Columbus, Capsoul, ya Bill Moss. Moss alikuwa mtangazaji wa redio, na baadaye aliingia bodi ya elimu ya jiji hilo. Kwenye Capsoul mna Marion Black akiimba "Who Knows" kwa sauti nzito ya mtu aliyekesha akihesabu madeni. Miaka miwili kabla ya mkusanyiko huo, RJD2, kijana wa mji huohuo, alikuwa ameshaikata sauti hiyo na kuijengea wimbo wake. Kwa hivyo hata huyu "aliyesahauliwa" alikuwa na mtu wa nyumbani anayemsikiliza.

Kwa nini basi hawakuvuma? Kusema kweli, si kwa sababu hawakujua kuimba. Kaskazini kulikuwa na Motown ya Detroit, kusini King Records ya Cincinnati. Lebo ndogo katikati yao inalipa studio kwanza, inalipa kiwanda cha santuri kwanza, halafu inangoja msambazaji alipe akipenda. Wimbo ukipendwa ndiyo balaa: maduka yanataka nakala zaidi na hela za zile za kwanza hazijarudi. Hivi ndivyo biashara inavyoweza kuuawa na bahati yake yenyewe.

Na si kila kilichofukuliwa ni dhahabu. Nyimbo kadhaa kwenye mikusanyiko hii zinaikimbiza Detroit hadi pumzi zinaisha. Ila hata hizo nazisikiliza, kwa sababu vijitabu vinavyoandamana nazo vinataja aliyepiga gitaa, aliyetoa pesa na aliyeacha muziki akatafuta kazi ya mshahara. Ukishajua hayo, uigaji wenyewe unageuka habari: unasikia vijana wakitamani kutoka.

Kasoro ninayoiona ni ya sisi wasikilizaji. Tunampenda mwimbaji zaidi akiwa hajulikani. Penny bila uso alitutia utamu. Penny mwenye wajukuu na bili za kulipa, wangapi walibaki kumsikiliza? Tunasifu mkono uliookota santuri kuliko koo lililoimba.

Hata muziki wetu wa Kenya umefukuliwa hivyo hivyo. Soundway, lebo ya Uingereza, ilitoa Kenya Special mwaka wa 2013, nasi tukashangilia kana kwamba tumeletewa kitu kutoka ng'ambo. Na nyumbani kwetu je? Shangazi yangu aliitikia kwenye santuri moja iliyouzwa River Road miaka ya sabini. Nakala hana. Nimekua nikimsikia akiuvumisha wimbo huo akichambua mchele, na sikuwahi kumuuliza ni upi.

Jumapili nikampigia. "Shangazi, ile bendi yenu iliitwaje?"

Kimya kidogo. Halafu akacheka. "Kwani mmekuja kunilipa?"

Nikamwambia hapana, ni mimi tu nataka kujua. Akanitajia jina la bendi, la mpiga gitaa, la aliyekuwa akiwapikia chai studio. Kalamu iliishiwa wino kabla hajamaliza.