Swali la Pili

Jioni ya tarehe 14 Desemba 1999 feri ya Coho ilifunga gatini Port Angeles, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Washington, Marekani, ikitokea Victoria, Kanada. Magari yaliteremka moja moja, na afisa wa forodha, Diana Dean, akawa anauliza yale yale ya kila siku, kisha anaruhusu. La mwisho kushuka lilikuwa Chrysler ya kukodi. Pasi ya dereva ilikuwa ya Kanada, kwa jina la Benni Noris. Maafisa wa uhamiaji kule Victoria walikuwa wamekwisha kuipitisha kwenye kompyuta, na kompyuta haikuona neno.

Mtu yeyote anayekaribia mpaka ana jibu la kwanza tayari. Mwenye magendo analo pia, tena lake limefanyiwa mazoezi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa afisa hodari ni la kubisha hodi tu. Kazi inaanza baadaye. Dean aliuliza anakwenda wapi, akajibiwa Seattle. Kufanya nini? Kutembea. Anaishi wapi? Montreal. Anakwenda kumwona nani? Hoteli.

Ukiulizwa “nani” ukajibu “hoteli”, hujavunja sheria. Msafiri aliyechoka, au aliyekijua Kiingereza ukubwani, anaweza kuteleza hivyo. Lakini afisa wa Port Angeles ana ramani ya eneo lake kichwani. Kutoka Vancouver hadi Seattle kuna barabara kuu iliyonyooka kusini, mwendo wa saa chache tu. Huyu bwana alikuwa amevuka maji kwenda Kisiwa cha Vancouver, akateremka hadi Victoria, akapanda feri ya pili, na mbele yake bado kulikuwa na mzunguko mrefu kabla ya kuiona Seattle. Mtu anaweza kuzunguka hivyo kwa kuwa anapenda bahari. Basi aseme. Majibu yake na njia yake havikukaa pamoja.

Wakati huo mikono yake ilikuwa inapekuapekua kwenye kisanduku kilicho kati ya viti. Afisa mwenye pupa angepiga kelele, au angeshika bastola. Dean alimpa fomu ya forodha aijaze. Nakihusudu kitendo hiki kuliko yote yaliyofuata usiku ule. Fomu haimtuhumu mtu wala haimtishi, kila msafiri anaijua. Lakini anayeandika hushika kalamu kwa mkono mmoja na karatasi kwa mwingine, na mikono yote miwili inakuwa hadharani.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Wenzake walifungua buti, wakainua kifuniko cha tairi la akiba, wakakuta mifuko ya unga mweupe, zaidi ya kilo 50. Walidhani ni dawa za kulevya, mpaka walipoona visanduku vilivyofungwa saa za Casio ndani. Dereva alitimua mbio akakamatwa mitaa michache mbele. Jina lake halisi lilikuwa Ahmed Ressam, na mzigo ulikuwa wa bomu la kulipua uwanja wa ndege wa Los Angeles.

Inasemekana alishuka wa mwisho kwa makusudi, akiamini gari la mwisho halikaguliwi sana. Hapa ndipo wapenda orodha hujikwaa. Andika kwamba anayeshuka mwisho ni wa kushukiwa, na kesho atashuka wa katikati. Maafisa wa Marekani wa kupambana na dawa za kulevya wamewahi kueleza mahakamani, katika kesi mbalimbali, kwamba walimshuku abiria kwa kuwa alishuka kwenye ndege wa kwanza, mwingine kwa kuwa alishuka wa mwisho, na mwingine kwa kuwa alijichanganya katikati. Orodha ya namna hiyo haimwachi mtu, kwa hiyo afisa humchukua yule ambaye moyo wake ulishamchagua.

Na moyo ulikuwa unachagua vibaya. Wakaguzi wa Bunge la Marekani walipopitia rekodi za mwaka 1998 za idara ile ile ya forodha aliyofanyia kazi Dean, walikuta kwamba wanawake weusi raia wa Marekani waliopekuliwa walikuwa na uwezekano mara tisa zaidi wa kupigwa eksirei kuliko wanawake weupe raia, ilhali uwezekano wao wa kukutwa na magendo haukufika nusu ya ule wa wenzao. Mkuu wa idara, Raymond Kelly, aliitupa orodha ndefu ya dalili akaweka makundi sita mapana, likiwemo la maelezo yasiyolingana, na akaagiza afisa apate kibali cha msimamizi kabla ya kumpekua mtu mwilini. Upekuzi ulipungua kwa takribani robo tatu, na kati ya wachache waliopekuliwa, sehemu kubwa zaidi walikutwa na kitu.

Msomaji aliyewahi kusubiri kontena Dar es Salaam au Mombasa anaijua kazi hii kwa rangi zake: kijani mzigo unatoka, njano nyaraka zinaangaliwa, nyekundu kontena linafunguliwa. Mfumo unafanya alichofanya Dean, unalinganisha maelezo na maelezo: bei iliyotajwa, uzito, nchi ulikotoka mzigo, historia ya mwagizaji. Uliopangwa vizuri hutupa kura mara mojamoja na kumpeleka mwagizaji safi kwenye nyekundu, ili wajanja wasiikariri. Wakala wake atalalamika, na ana haki ya kulalamika, lakini ile kura ndiyo inayoonyesha kama kijani inapitisha yasiyopaswa kupita.

Kuna waliodhani ustadi huu unaweza kufundishwa kwa kutazama nyuso. Tangu 2007 viwanja vya ndege vya Marekani viliweka maafisa wa kusoma woga na jasho la abiria. Kufikia 2013 zilikuwa zimetumika takribani dola milioni 900, na wakaguzi wa Bunge wakasema, kwa ushahidi uliopo, uwezo wa mtu kumtambua mdanganyifu kwa dalili hizo ni sawa na ubahatishaji au unauzidi kidogo tu. Sishangai. Ressam naye alikuwa na woga, lakini foleni ya mpakani imejaa waoga: mwenye mgonjwa hospitalini, mwenye viza inayoisha kesho, mwenye chupa moja ya ziada. Woga ulimfanya Dean aendelee kuuliza, na aliyeulizwa tena akakosa la kusema.