Harufu ya Supa ilivyovushwa kwenda SARO 5

Mnunuzi wa mchele Ifakara hachukui muda mrefu. Huchota kiganja, hupuliza vumbi la pumba, hunusa, kisha hutafuna punje mbili tatu. Akisikia harufu, bei hupanda. Asiposikia, maneno huhamia kwenye weupe na chenga. Kwa hiyo anayetafuta mbegu mpya ya mpunga kwa bonde la Kilombero ana kazi mbili kwa mpigo: kuongeza magunia kwa ekari na kuilinda harufu. Ya kwanza ina mizani. Ya pili imetegemea pua, na kwa maoni yangu ndiyo sababu imekuwa ikiachwa hadi mwisho wa safari.

Tuanze na harufu yenyewe. Limau hubeba limonini, mafuta yanayotunzwa kwenye vifuko vidogo vya ganda lake. Yapo tele: kwaruza ganda kwa ukucha na walio jirani watajua. Mpunga hauna vifuko hivyo. Mpunga unaonukia hutegemea hasa kemikali iitwayo 2-asetili-1-pirolini, ambayo Ron Buttery na wenzake huko California waliitambua kwenye wali mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hiyohiyo ndiyo inayosikika kwenye bisi za moto. Ndani ya punje haifiki hata sehemu moja katika milioni, lakini pua ya binadamu huinasa kirahisi.

Mwaka 2005 Louis Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern Cross, Australia, walionyesha inakotoka. Mpunga wa kawaida una jeni iitwayo BADH2, inayotengeneza kimeng'enya kinachotumia malighafi ya harufu kabla haijawa harufu. Katika aina nyingi zinazonukia, jeni hiyo imepungukiwa herufi nane. Kimeng'enya hakifanyi kazi, malighafi inarundikana, harufu inazaliwa. Kwa maneno mengine, mpunga hunukia kwa sababu kuna kitu ndani yake kimeharibika, na hapo ndipo mtafiti anapopata taabu: mmea ukirithi jeni mbovu kwa mzazi mmoja na nzima kwa mwingine, ile nzima hufanya kazi yake na harufu hupotea. Lazima jeni mbovu itoke pande zote mbili.

Sasa iangalie shambani Supa, mpunga wenye harufu inayotafutwa. Ni ndefu, inachelewa kukomaa, na ukiipa mbolea nyingi au upepo ukija na mvua, inalala majini kabla ya kuvunwa. Kilichotafutwa ni mmea mfupi unaosimama, wenye machipukizi mengi, usioachana na harufu ya Supa. Jibu lililowafikia wakulima mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni TXD 306, ambayo kila duka la pembejeo bondeni huiita SARO 5. Kituo cha utafiti cha KATRIN pale Ifakara, ambacho leo ni TARI Ifakara, kimekuwa nguzo ya kazi ya mpunga katika eneo hili.

Kuvusha mpunga ni kazi ya vidole. Ua la mpunga hujichavusha lenyewe, tena kwa muda mfupi asubuhi likifunguka. Mtafiti huliwahi: hukata ncha za maganda ya kila ua kwa mkasi mdogo, huvuta chavulio sita moja moja kwa koleo, kisha hulifunika suke kwa mfuko wa karatasi. Kesho yake, jua likipanda, hulitikisa suke la baba juu ya lile la mama na kulifunika tena. Akisahau chavulio moja tu, mmea utajizalisha na punje hiyo haitakuwa chotara.

Chotara wa kwanza hanukii, hata kama mama yake ni Supa. Kwenye kizazi cha pili ni mmea mmoja tu kati ya minne unaobeba harufu kamili, na huwezi kuujua kwa kuutazama. Watafiti hutumia njia iliyoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1970: majani machache hukatwakatwa, hutiwa kwenye kisahani chenye maji yaliyochanganywa asilimia 1.7 ya potasiamu haidroksaidi, hufunikwa kwa dakika kumi, kisha watu kadhaa hufunua na kunusa kwa zamu. Baada ya visahani vingi pua huchoka na majibu huanza kutofautiana. Ukianza kwa kuchagua mavuno na urefu, ukaja kunusa mistari michache iliyobaki, nafasi ya kupata harufu kamili unakuwa umeshaipunguza mwenyewe.

SARO 5 imeandikwa kuwa na harufu ya wastani, na wanunuzi wanakubaliana na hilo. Mavuno yake, ikipewa maji na mbolea, yanaiacha Supa mbali, na ndiyo maana imependwa na wanaolima kwa kilimo shadidi. Lakini harufu ya mpunga haiamuliwi na jeni peke yake. Joto kali wakati punje zinajaa huipunguza. Mpunga wa masika unaovunwa kipupwe una nafuu ambayo ule wa umwagiliaji, unaojaza punje kwenye joto la mwisho wa mwaka, hauna. Kisha kuna turubai: mpunga uliokaushwa kupita kiasi kwenye jua kali, ukakaa ghalani miezi mingi, hupoteza harufu yake hata kama mbegu ilikuwa Supa halisi. Mkulima anayelaumu mbegu aangalie pia saa anazoacha mpunga juani.

Zanzibar walipita njia nyingine. Supa BC, iliyotolewa mwaka 2011, ilipatikana kwa kupiga mionzi mbegu za Supa na kuchagua mimea bora iliyobadilika. Hapo hakuna mzazi wa pili anayeleta jeni nzima ya kuua harufu. Ni njia ninayoiheshimu, ingawa mionzi haikupi unachotaka kwa kuagiza.

Na bondeni kuna jambo ambalo mionzi haiwezi kuaminiwa kulimaliza: kimyanga, ugonjwa wa virusi unaogeuza majani kuwa ya njano, na SARO 5 huugua vibaya. Kinga imara imo kwenye Gigante, mpunga wa Msumbiji, na kinga hiyo nayo, kama harufu, hutaka jeni kutoka pande zote mbili. Jeni ya kinga iko kromosomu ya 4, ile ya harufu ya 8, kwa hiyo hurithiwa kila moja kwa njia yake. Ukivusha Supa na Gigante, robo ya kizazi cha pili itanukia, robo itastahimili, na mmea mmoja tu kati ya 16 utafanya yote mawili. Mmoja huo unaweza kupatikana ukiwa bado kitaluni, kwa kupima kipande cha jani maabara kabla haujapandikizwa jarubani, na majaruba yakabaki kwa mimea inayostahili kupimwa mavuno.