Harusi za Kifalme Zisizo na Wajomba

Ukizitazama filamu za zamani za kifalme, ziwe zimetengenezwa Bombay au Vienna, utaona karibu kila kitu kinachohusu harusi isipokuwa wajomba. Farasi wapo, taji lipo, baba mkali yupo, shoga wa bibi harusi yupo akilia kwa furaha. Wasioonekana ni watu wa ukeni: wale waliokaa vikao, wakapima faida na hasara, wakamtoa binti yao wakijua wanatarajia nini siku mjukuu atakapozaliwa. Wakionyeshwa, husimama pembeni kama mapambo. Watazamaji wengi hudhani kwamba uongo wa filamu hizi uko kwenye mavazi, nyimbo au majumba ya kioo. Hayo ni madogo. Mbinu kubwa ni kuitoa harusi mikononi mwa koo mbili na kuikabidhi kwa watu wawili tu, na hilo likishafanyika, mengine yote yanajipanga yenyewe. Kwa msomaji wa Tanga, ushahidi wa jambo hili hauko mbali. Uko Vugha, juu ya milima ya Usambara, na umeandikwa kwa Kiswahili.

Tuanze na filamu ambayo wapenzi wa sinema wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa. Mughal-e-Azam ya K. Asif ilitoka 1960, enzi ambayo ukumbi wa Majestic hapa Tanga, kama kumbi nyingine za pwani, uliishi kwa filamu za Kihindi. Kisa chake ni cha Salim, mwana wa mfalme Akbar, anayempenda Anarkali, mchezaji ngoma wa ikulu, na kwa ajili yake anainua jeshi dhidi ya baba yake. Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Lakini inapofika ngoma ya jumba la vioo, Anarkali anapotangaza mapenzi yake mbele ya mfalme, picha inageuka ya rangi, na sura ya mchezaji huyo inatapakaa kwenye vipande vya vioo dari nzima, hata mfalme hana pa kuelekeza macho asimwone. Ni ufundi wa hali ya juu. Baraza, vita na amri za dola zimekaa kwenye kijivu. Moyo umepewa rangi. Mtazamaji hahitaji kuambiwa kipi ni cha kweli na kipi ni kivuli, kwa sababu jicho lake limeshaamuliwa.

Sasa tumtazame Salim wa historia, yule aliyekuja kutawala kwa jina la Jahangir. Ni kweli alimwasi baba yake mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, na 1602 alimwagiza mtu amuue Abul Fazl, mwandishi na mshauri wa Akbar. Lakini alichogombea kilikuwa kiti. Anarkali ni mtu wa hadithi. Ndoa ya kwanza ya Salim, ya 1585, ndiyo inayoonyesha mambo yalivyokwenda. Alimuoa Man Bai, binti ya Raja Bhagwant Das wa Amber. Bhagwant Das huyo alikuwa ndugu wa mama yake Salim, maana Akbar naye alioa katika nyumba hiyohiyo mwaka 1562. Kwa hiyo Salim alimuoa binti wa mjomba wake, na nyumba ya Amber ikapata mkwe wa pili katika kiti cha Agra. Faida ya hesabu hiyo ilionekana baadaye. Akbar alipokaribia kufa mwaka 1605, Raja Man Singh wa Amber, mtu mzito katika jeshi la dola, alitaka urithi umruke Salim uende kwa Khusrau, mwana wa Man Bai. Man Singh alikuwa mjomba wa Khusrau. Mpango haukufaulu, na mwaka uliofuata Khusrau mwenyewe aliasi, akashindwa. Hiki ni kisa chenye damu, usaliti na mapenzi ya ukoo, na kilikuwa mlangoni mwa K. Asif. Alikiacha, kwa kuwa kisa cha mjomba hakiimbiki kirahisi kama cha mpenzi.

Ulaya nako walifanya vivyo hivyo kwa njia nyingine. Sissi ya Ernst Marischka, ya 1955, inasimulia ndoa ya mfalme Franz Joseph wa Austria na Elisabeth wa Bavaria. Hapa ndugu hawakufutwa kabisa. Mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi walikuwa dada wa baba mmoja na mama mmoja, na filamu haifichi kwamba walikuwa wamekwisha kumpanga Helene, dada mkubwa wa Elisabeth, awe bibi harusi. Kilichofanyika ni kuwageuza wazazi kuwa kikwazo cha kuchekesha ambacho mapenzi yanakiruka, kisha kuiweka harusi mwishoni. Kengele zinalia, filamu imekwisha, watu wanatoka ukumbini wamefurahi. Katika maisha yenyewe, harusi ya tarehe 24 Aprili 1854 ilikuwa mwanzo wa mambo. Bibi harusi alikuwa na umri wa miaka 16, na watoto wake wa kwanza wawili walilelewa chini ya amri ya mama mkwe, kwa kuwa mtoto wa kifalme alihesabika mali ya dola kabla ya kuwa wa mama yake. Filamu zilizofuata, za 1956 na 1957, ziligusa ugomvi huo, lakini kila mara zikaumaliza kwa suluhu. Mahali unapokata kisa ndipo unapoamua maana yake: ukikikata mlangoni mwa kanisa, ndoa ya kifalme ni tuzo, ukikiendeleza miaka kumi, ni kazi ya serikali.

Usambara tunaona kisa kisichokatwa. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa mwandishi wa mtawala Semboja kule Mazinde na baadaye akashika madaraka Tanga, aliandika Habari za Wakilindi, yaani habari za ukoo wa kifalme wa Usambara, kwa Kiswahili, na wamisionari wa Magila wakaanza kukichapa mwaka 1895. Kitabu kinaanza na Mbegha, mwindaji kutoka Nguu aliyekataliwa na ndugu zake kwa sababu meno yake ya juu yaliota kwanza, kwa hiyo akahesabika kigego. Anapanda Usambara na mbwa wake, anagawa nyama ya nguruwe mwitu, anasuluhisha watu, anaua simba, mwisho anakuwa mfalme wa Vugha. Jambo la kuzingatia ni jinsi kitabu kinavyozitaja ndoa zake. Hakielezi macho ya bibi harusi wala mikufu yake. Kinaeleza ametoka wapi. Mbegha anaoa kila upande wa nchi, na wana wanakua kwa wajomba zao. Mmoja wao, Bughe, anaombwa na wajomba zake wa Bumbuli awe mtawala wao, na Mbegha anapofariki, wazee wa Vugha wanaificha habari ya kifo, wanatuma watu Bumbuli kimyakimya, wanamleta Bughe, ndipo nchi inajua kwamba mfalme wa zamani hayupo na mpya ameshakaa. Hakuna askari aliyeiteka Bumbuli. Iliingia katika dola kwa kumpa mgeni mke, na ikapata mfalme kwa kumlea mjukuu.

Utaratibu huo ulipofika kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai, uliishika nchi kuanzia milimani hadi karibu na bahari. Richard Burton, aliyefika Vugha mwaka 1857, aliandika kwamba mfalme alikuwa na wake 300 na wana kati ya 80 na 90. Tarakimu za msafiri aliyekaa muda mfupi si za kuapia, lakini katika maelezo yake kuna jambo lenye uzito kuliko idadi: kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake. Nyumba hizo zilikuwa vituo vya utawala, na wana waliozaliwa humo ndio waliopelekwa kutawala sehemu mbalimbali za nchi. Gharama yake ilikuja baada ya Kimweri kufa mwaka 1862. Mjukuu wake Shekulwavu alikaa Vugha, na Semboja, mwana wa Kimweri aliyekuwa Mazinde kwenye njia ya misafara, akamfukuza. Wabondei nao wakawainukia Wakilindi. Mtu atasema, na kwa haki, kwamba kilichoivunja Usambara ni bunduki na biashara iliyopitia Pangani, si wingi wa wake. Nakubali kwamba bunduki ndizo zilizompa Semboja nguvu. Lakini bunduki zilikuta wana wa mfalme wameshagawiwa nchi, kila mmoja na watu wake, na hali hiyo ilitengenezwa na ndoa. Mtambo uleule uliojenga dola ndio uliowapa wagombezi mahali pa kusimama.

Na hata chini ya ngazi ya wafalme, pwani ya Mrima haikuwahi kuamini kwamba harusi ni ya watu wawili. Tazama orodha ya malipo. Mbali na mahari, ambayo ni haki ya mke mwenyewe, kuna kilemba cha baba. Kuna mkaja wa mama, kwa sababu alijifunga tumbo baada ya kuzaa. Kuna ubeleko, kwa sababu alimbeba mtoto mgongoni. Kuna kungwi aliyemfunda mwari na ambaye haondoki bila chake, na kuna kifungua mlango siku bwana harusi anapotaka kuingia. Kila kipengele kina mtu nyuma yake, na kila mtu anadai kwa kazi aliyoifanya. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyeeleza posa na harusi katika Desturi za Waswahili, kitabu kilichotoka 1903, aliona inafaa kuyapanga mambo haya kwa utaratibu kama mtu anayeandika sheria. Ukiisoma orodha hiyo kutoka juu hadi chini, unakuwa umewajua wote wenye fungu katika ndoa. Filamu huwaondoa wote hao, ikabakiza hina na ngoma.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mapenzi yalikuwepo, na hata watoto wa wafalme walipenda. Hilo halikataliwi, na mfano wake tunao Unguja. Sayyida Salme, binti ya sultani Sayyid Said, alimpenda Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, akatoroka 1866, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa na kuolewa Aden. Hii ndiyo ndoa ambayo mtunzi wa filamu angeiota. Lakini angalia yaliyofuata. Mume alikufa Hamburg mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, na mjane akabaki na watoto watatu, akihangaika miaka mingi kudai urithi wake. Mwaka 1885 alirudi Unguja akiwa katika safari ya meli za Kijerumani, na kaka yake Barghash, aliyekuwa sultani, akakataa kumpokea. Bismarck, chansela wa Ujerumani, alikuwa amemfanya karata katika mchezo wake na sultani huyo. Ndoa iliyofungwa bila ukoo haikuwa nje ya siasa. Ilikosa tu watu wa kuitetea siasa ilipokuja. Zaidi ya hapo, Salme hakuwa na mjomba Unguja hata angemhitaji. Mama yake alikuwa suria aliyetoka nchi ya Wacherkesi, na watoto waliomrithi Sayyid Said walizaliwa na masuria. Mtawala aliyepata wana bila wakwe alijiepusha na madai ya wajomba, lakini ugomvi wa ndugu haukumkosa: baada ya kifo chake mwaka 1856, Majid, Thuwaini na Barghash waligombana bila mjomba wa kuwachochea wala wa kuwasuluhisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: filamu si darasa la historia, na hata Habari za Wakilindi kimepambwa. Ni kweli kimepambwa. Mwindaji anayekuja peke yake na kutawazwa kwa hiari ya wenyeji ni sura inayomfaa kila anayetawala, na wasimulizi wa Kikilindi walikuwa na sababu ya kuipenda. Lakini mapambo hayo yamewekwa kwa shujaa, na ndoa zake zimeachwa na majina ya mahali zilikotoka, kwa sababu msikilizaji wa Usambara angeuliza mara moja: huyu mama yake nani? Filamu imefanya kinyume. Mughal-e-Azam inafungua kwa ramani ya India ikijitambulisha na kusimulia, yaani inaomba iaminiwe kama historia, kisha inaondoa kile ambacho historia isingeweza kukiondoa. Vijana wa pwani waliipenda kwa sababu waliona ndani yake ugomvi wao wenyewe na wazazi waliotaka kuwaoza kwa matakwa yao, na ugomvi huo ulikuwa wa kweli. Ila ulikuwa wa nyumba za kawaida, uliovikwa nguo za mfalme. Hasara yake ni kwamba anayeijua enzi kwa filamu hizo hudhani wafalme walisumbuliwa na moyo, wakati kilichowanyima usingizi kilikuwa swali la nani atamfuata nani.

Kwa anayetaka kutengeneza filamu ya enzi za Vugha, mafunzo ya ufundi ni mawili. Aiweke harusi mwanzoni, ili kila tendo linalofuata liwe deni lake. Na ampe mjomba maneno ya kusema. Kikao cha Bumbuli, ambapo wazee wanajadili kumpa binti yao mwindaji asiye na ukoo wala mji, wakijua kwamba wakikosea wamepoteza mtoto na wakipatia wamepata mfalme, kina mashaka kuliko ngoma yoyote ya vioo. Na bibi harusi hatapungukiwa kwa kuzungukwa na watu wake. Hapo ndipo atakapokuwa na uzito, maana mke aliyekuja na Bumbuli nzima nyuma yake hawezi kuamuliwa kwa hasira ya mfalme mmoja.