Picha za nyama, mahali pake ni porini?

Wako watu wanaosema: picha za nyama zitolewe nyumbani, zipelekwe porini wanapokaa nyama wenyewe. Sisi tunawaza wafundi wa Hangar, aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés huko Élisabethville mwaka wa 1946. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki, hata mahali patupu akapajaza madoa madogo. Bela Sara alipaka rangi kwa vidole. Kazi hizi zataka jicho la karibu, polepole. Kuzitundika katika miombo ya Mitwaba ni kuziua: mvua, mchwa, kiisha moto wa kiangazi, nao (tunaujua!) haubishi hodi. Tena, kando ya mti wenyewe, mti wa rangi huonekana mwembamba.

Lakini huko Osogbo, katika Nigeria, Susanne Wenger na wenzake walijenga sanamu za saruji ndani ya msitu. Ibada ya pale si yetu. Kazi yenyewe twaisifu, sababu ilizaliwa palepale. Basi fundi anayetaka kufanya mfano wa punda milia wa Upemba, wa mwisho katika Kongo, autengeneze huko kwa udongo wa huko, wala asiuweke katika njia ya nyama. Na wenyeji waulizwe mbele.